Mshenga wa Kibuye

Soko la Kibuye, kando ya barabara ya Jomo Kenyatta mjini Kisumu, halikosi watu siku yoyote ya juma, lakini siku yake hasa ni Jumapili. Alfajiri wauzaji wa mitumba huwa wamekwisha kufungua marobota, mafundi wa jua kali wanagonga mabati ya majiko na masanduku, na katika upande wa vyakula akina mama wanapanga mafungu ya nyanya, omena, maharagwe na ndizi mbichi za Kisii. Jumapili moja ya mwaka 2006, mama mmoja wa upande huo alisimama mbele ya mikungu themanini ya ndizi, ilhali alikuwa ameagiza arobaini. Kando yake alisimama mwanawe, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya tarakilishi, aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Yeye ndiye aliyeuandika ujumbe wa kuagiza.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Alhamisi jioni mama alimpa simu yake na kumwambia, "Wuoda, mwandikie yule mama wa Kisii alete mikungu arobaini, ifike kabla ya Jumapili." Mwana akaandika, akatuma. Jibu halikuja. Saa moja ikapita, kisha ya pili. Mvua ilikuwa ikinyesha, na alama ya mtandao kwenye kioo cha simu ikawa inakuja na kutoweka. "Labda haukufika," mama akasema. "Mtumie tena." Mwana akatuma tena, na kwa kuwa hakupenda kurudia maneno yaleyale kama kasuku, akayapanga upya kidogo: mikungu arobaini, tafadhali, kwa soko la Jumapili. Ijumaa asubuhi mwenye ndizi aliwasha simu yake huko Kisii, akakuta jumbe mbili zenye maneno tofauti, kila mmoja ukitaka mikungu arobaini. Akazijumlisha. Shambani mwake hamkuwa na ndizi za kiasi hicho, kwa hiyo alikopa kwa majirani, akakodi lori dogo, na mzigo ukapita Oyugis, Sondu na Ahero usiku wa Jumamosi hadi Kibuye.

Ndizi hazina subira. Sehemu ya mzigo iliuzwa kwa bei ya hasara, sehemu ikagawiwa majirani, na kufikia Alhamisi iliyobaki ilikuwa imeiva ikapita kiasi na kugeuka chakula cha nzi. Deni lililipwa lote, maana yule mama wa Kisii naye alikuwa na majirani wa kuwalipa. Mazungumzo yao katika simu yalikuwa mafupi na ya heshima.

"Dada yangu, wewe mwenyewe uliniandikia mara mbili."

"Ni kweli, dada. Nimeandika mara mbili. Lakini nilitaka mara moja."

Fedha zilizolipa deni hilo zilikuwa za mkopo wa chama, na zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya karo. Mwana alirejea chuoni wiki tatu baada ya wenzake.

Wiki hizo tatu zilimnyima uhuru wa kuchagua. Katika somo la mifumo tawanyifu, yaani programu ambazo vipande vyake hukaa katika tarakilishi mbalimbali lakini hufanya kazi kama programu moja, mada za utafiti zilikuwa zimekwisha kugawanywa. Wenzake walikuwa wamejinyakulia zile zilizohusu Java, lugha ya fasheni wakati huo. Iliyobaki haikutakwa na mtu: kuchunguza programu za kati zitumiwazo kutawanya kazi zilizoandikwa kwa lugha ya Ada, sifa zake na upungufu wake. Programu ya kati haimhudumii mtumiaji moja kwa moja, wala haiongozi mtambo wenyewe. Hukaa baina ya programu na mtandao, ikibeba maombi ya upande huu hadi upande wa pili na kurudi na majibu.

Ada haikupata kuwa lugha maarufu katika vyuo vya Afrika Mashariki. Iliundwa na kikosi kilichoongozwa na Jean Ichbiah nchini Ufaransa kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ikapata kiwango rasmi mwaka 1983 na kingine mwaka 1995, na hiki cha pili ndicho kilicholeta suala la utawanyaji. Jina lake ni la Ada Lovelace, aliyechapisha mwaka 1843 maelezo mashuhuri juu ya mtambo wa kukokotoa wa Charles Babbage. Hata nambari ya kiwango cha kijeshi cha lugha hiyo, 1815, ni mwaka aliozaliwa bibi huyo. Wanafunzi wa Kiswahili watapenda kujua kwamba Ada alikuwa bintiye Byron, malenga wa Kiingereza, na kwamba mama yake alimtia katika hisabati tangu utotoni kwa hofu kwamba angerithi wazimu wa mshairi. Lugha iliyopewa jina lake ni kali vilevile. Mwandishi wa programu akitangaza kwamba idadi ya mikungu ni kati ya 0 na 100, Ada itaikataa 101 bila kuomba radhi. Kwa ukali huo ndiyo maana ilitumiwa katika ndege kama Boeing 777, ambamo makosa hayavumiliki.

Kiwango cha 1995 kina viambatisho, na kile kilichopewa herufi E ndicho kilichomkalisha mwanafunzi huyo maktabani usiku kucha. Humo imeelezwa namna programu moja inavyoweza kukatwa vipande na kila kipande kupelekwa katika mashine yake. Mwandishi huiandika programu nzima kama kawaida, kisha hutia alama juu ya baadhi ya pakiti zake: hii yaweza kuitwa kutoka mbali, hii imebeba aina za data zinazosafiri, hii ni safi, haina kumbukumbu yoyote ya kwake. Kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mwandishi kuwa lugha ya mashine, ikiiona alama ya kuitwa kutoka mbali, hutengeneza yenyewe makaimu wawili. Kaimu wa upande wa mwitaji huzipokea hoja zake, huzifunga mzigo mmoja wa baiti na kuukabidhi kwa programu ya kati. Mzigo husafirishwa. Kaimu wa upande wa pili huufungua, huuita utaratibu halisi uliokusudiwa, hufunga jibu, na safari ikarudi ilikotoka. Mwitaji haoni lolote kati ya hayo. Mstari wa programu usemao agiza mikungu arobaini huandikwa vilevile, ndizi ziwe zimo chumba hichohicho au ziko Kisii.

Hapana shaka kwamba huo ni uzuri wa pekee. Katika mifumo mingine ya wakati ule, mwandishi alilazimika kuandika maelezo ya viungo vyake kwa lugha nyingine ya kando, kisha kuyageuza, kisha kuyaunganisha na programu yake. Katika Ada hakukuwa na lugha ya kando. Fauka ya hayo, programu iliweza kujaribiwa yote katika mashine moja, na ilipokuwa sawa, zana iitwayo gnatdist ilisoma faili fupi inayotaja kipande gani kikae wapi na kuzalisha programu tatu badala ya moja, pasipo kubadilisha mantiki yake. Kompaila yenyewe, GNAT, ilipatikana bila malipo, jambo lenye uzito kwa mtu ambaye karo yake ilikuwa imeoza juu ya gunia huko Kibuye. Alitwaa tarakilishi tatu kuukuu za maabara, akazibandika vikaratasi: Kibuye, Kisii, na Ahero alikoweka ghala la kubuni. Mara ya kwanza agizo lilipotoka Kibuye likajibiwa kutoka Kisii, alimwita mlinzi wa usiku aje aone.

Katika chama cha Kiswahili cha wanafunzi, ambako naye alikuwa mwanachama, aliomba msaada wa istilahi. Alitakiwa kuandika makala, na neno "programu ya kati" lilimkera kwa ubaridi wake. Jioni moja wanachama wakalijadili. Wa kwanza alipendekeza dalali, likakataliwa kwa kuwa dalali hula pande zote mbili na ana faida yake katika kila neno analolibeba. Tarishi nalo likakataliwa, maana tarishi hubeba barua iliyofungwa asijue kilichomo, ilhali programu ya kati hufunga na kufungua mzigo. Mkalimani lilikaribia, ila mkalimani hufanya kazi wenye maneno wote wawili wakiwa wamekaa mbele yake. Mwana wa Kibuye akaleta lake: mshenga. Mshenga anaijua nyumba anakotumwa, ambayo huenda aliyemtuma hajapata kuiona. Anajua kuyafunga maneno ya upande huu kwa namna itakayofunguliwa vyema upande ule. Anakwenda, anasema, anasikia, anarudi. Wajaluo humwita jagam, na katika desturi zao pia ndoa hupitia kwake. Neno likapendwa. Ndipo mwanachama mmoja, mwanafunzi wa fasihi aliyekuwa kimya jioni yote, akauliza, "Na mshenga asiporudi?"

Swali hilo halina jibu katika kiambatisho cha E. Lina jina tu. Mawasiliano yanapokatika, programu ya Ada hupatwa na hali iitwayo Communication_Error, na mwitaji hufahamishwa kwamba kumetokea hitilafu. Lakini hitilafu gani? Huenda mshenga hakufika kabisa; mvua ilimzuia njiani. Huenda alifika, akasema, lakini wenyeji walipatwa na lao kabla ya kujibu. Huenda alifika, akasema, akakubaliwa, posa ikapangwa na mbuzi wakatengwa, kisha yeye akapotea wakati wa kurudi. Kwa aliyebaki nyumbani akimngoja, mambo hayo matatu yana sura moja tu, nayo ni kimya. Kiwango cha Ada ni kinyofu katika jambo hili. Kinaahidi kwamba wito wa mbali utatekelezwa mara moja kwa zaidi: ukirudi salama, basi ulitekelezwa mara moja kamili, usiporudi salama, ulitekelezwa mara moja au haukutekelezwa, na hakuna katika lugha hiyo awezaye kukwambia ni lipi kati ya hayo mawili.

Aliposoma hayo, mwanafunzi aliona mikungu themanini. Alikuwa ameamini kwa muda wa mwaka mzima kwamba kosa lilikuwa la mvua, au la simu, au la haraka ya yule mama wa Kisii ya kutaka kuuza. Kumbe alichokifanya siku ile kilikuwa kile ambacho kila mwandishi wa programu asiye na uzoefu hukifanya: amekutana na kimya, akakisoma kama kukataliwa, akatuma tena. Programu ya kati yaweza kufanyizwa itume tena yenyewe mpaka ijibiwe, na ipo mingine iliyotengenezwa hivyo; hiyo humhakikishia mwitaji kwamba neno litafika angalau mara moja. Angalau mara moja ndiko kulikoleta themanini. Inayotuma mara moja tu na kunyamaza huweza kuleta sifuri, na Jumapili bila ndizi nayo ni hasara.

Tatizo hili halikuanzia kwa Ada wala haliishii kwake. Mwaka 1984 Jerome Saltzer, David Reed na David Clark walichapisha makala iliyopata kuwa ya msingi katika taaluma hii, wakidai kwamba yapo mambo ambayo chombo cha katikati hakiwezi kuyakamilisha hata kikiundwa kwa ustadi gani, kwa sababu ujuzi unaohitajika kuyakamilisha umo katika miisho miwili tu. Kama arobaini ya pili ni ileile ya kwanza au ni arobaini nyingine, mtandao haujui na hauwezi kujua. Anajua mama wa Kibuye peke yake. Mshenga akilaumiwa kwa kutolijua hilo, analaumiwa kwa jambo lisilo lake. Kosa la programu za kati, kama ni haki kuliita kosa, ni kwamba uzuri wao humsahaulisha mwitaji kwamba kuna umbali. Mstari wa kuagiza kutoka chumba cha pili na wa kuagiza kutoka Kisii ukiandikwa kwa maneno yaleyale, ni rahisi kusahau kwamba baina ya Kibuye na Kisii kuna mto Sondu na mvua.

Upungufu mwingine aliouorodhesha katika utafiti wake ni mdogo kuliko huo, ingawa ulimsumbua zaidi siku kwa siku. Data zinazoelekeza mahali katika kumbukumbu ya mashine hazisafiri hivihivi. Mwandishi sharti aandike mwenyewe namna ya kuzifunga na kuzifungua. Hilo lina busara yake, kwa sababu anwani ya aina hiyo ni kama kumwelekeza mtu nyumba ya nne kutoka kwenye mwembe: humfaa aliyesimama chini ya mwembe uleule. Wito usiomngoja mjibuji nao unaruhusiwa, na ni mwepesi sana, lakini hitilafu ikitokea upande wa pili hupotelea hukohuko na mwitaji hataisikia kamwe. Vilevile vipande vyote vya programu moja havina budi kukubaliana juu ya toleo la pakiti wanazoshirikiana. Alipobadilisha kijisehemu kidogo Kibuye akasahau kukijenga upya Ahero, programu iligoma kuanza. Alitukana usiku huo, na asubuhi akakiri kwamba mgomo ulikuwa bora kuliko ghala na duka kutumia vipimo tofauti bila kujua.

Uzito zaidi uko katika suala la udugu. Chombo cha kusafirishia mizigo hiyo kilikuwa cha kila kompaila peke yake. Kipande kilichojengwa kwa kompaila hii hakikutarajiwa kuzungumza na kilichojengwa kwa ile, sembuse na programu ya Java. Mshenga wa Ada alizunguka ndani ya ukoo mmoja. Aliyetaka kuvuka alielekezwa kwa CORBA, mpango ulioasisiwa mwaka 1991 na muungano wa makampuni ili lugha yoyote iseme na lugha yoyote. Alivuka, lakini kwa ushuru. Lugha ya kueleza viungo vya CORBA haikuwa na mipaka ya namba ambayo ndiyo fahari ya Ada. Idadi ya mikungu iliyotoka Kibuye ikiwa imefungiwa kati ya 0 na 100 iliingia mtandaoni ikiwa namba tu, bila ukuta.

Wachuuzi wa Kibuye wanalijua jambo hilo kwa jina jingine. Mahindi hapo hupimwa kwa gorogoro, mkebe unaochukua kadiri ya kilo mbili, na juu ya gorogoro kuna kichuguu, nyongeza ambayo muuzaji humtilia mnunuzi anayemheshimu. Mwenye duka la mjini hupima kwa kilo. Mtu wa pwani ana kibaba na pishi vya tangu zamani. Vipimo vyote hivyo hugeuzana, na hesabu hutoka sawa. Kisichogeuzika ni kichuguu. Hakimo katika kilo. Na Ada yenyewe haikuepuka balaa la kugeuza vipimo: tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliteketea kabla ya kutimiza dakika moja angani, kwa kuwa programu ya Ada iliyorithiwa kutoka Ariane 4 ilijaribu kuitia namba kubwa katika nafasi ya biti 16. Lugha ilipiga kelele kama ilivyofunzwa. Hakukuwa na aliyepangiwa cha kufanya baada ya kelele.

Watafiti wa Paris, akiwamo Thomas Quinot, walikuwa wamejaribu njia nyingine mwanzoni mwa miaka ya 2000. Chombo chao, PolyORB, kiliweza kuwa na nafsi kadhaa kwa wakati mmoja: huku kikiongea na programu ya Ada kwa desturi za Ada, huku kikiongea na ulimwengu wa CORBA kwa desturi za CORBA, na katikati kikiwa na kiini kisicho cha upande wowote. Badala ya kila itifaki kufundishwa kuongea na kila nyingine, kila moja ilijifunza kuongea na kiini tu. Mwana wa Kibuye hakuhitaji mchoro kulielewa hilo. Mama yake alisema Kijaluo, mwenye ndizi alisema Ekegusii, mwenye maharagwe alitoka Uluhyani, na hakuna hata mmoja wao aliyejifunza lugha ya mwenzake. Wote walikutana katika Kiswahili. Kikwazo cha mpangilio huo pia kilikuwa kilekile. Kila kugeuza hula muda, na kuna mambo ambayo mtu huyasema kwa mamaye tu.

Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi zilipofunga barabara nyingi za Nyanza, Kibuye ilionyesha kikomo ambacho hakimo katika kiambatisho chochote. Simu zilishika. Jumbe zilifika na majibu yakaja upesi kuliko siku za mvua. Lori ndilo lisilopita. Yule mama wa Kisii aliandika kwamba ndizi zipo na kwamba hathubutu. Mama wa Kibuye akajibu kwamba asithubutu. Kwa kipimo cha mtandao, mawasiliano yote ya wiki hizo yalifaulu.

Mradi wa mwisho ulitetewa katikati ya mwaka huo. Mwanafunzi hakuwa amemtengeneza mshenga bora. Alikuwa ameacha kumdai yasiyo yake. Kila agizo lilipewa nambari Kibuye kabla ya kutoka, na Kisii iliweka orodha ya nambari zote ilizowahi kuziona pamoja na jibu la kila moja. Nambari ikija mara ya pili, Kisii haikukata ndizi nyingine bali ilirudia jibu la kwanza. Agizo likawa na hali tatu badala ya mbili: limekubaliwa, limekataliwa, halijulikani. Mtahini kutoka chuo kingine aliinuka, akauchomoa waya wa mtandao kwa mkono wake agizo likiwa njiani. Kioo cha Kibuye kikaandika: Agizo nambari 7, halijulikani.

"Programu yako inaniambia kwamba haijui?" mtahini akauliza.

"Ndiyo, mwalimu. Haijui. Ikisema limeshindwa, muuzaji ataagiza upya. Ikisema limefaulu, atangoja."

Mtahini akaurudisha waya. Kibuye ikatuma tena nambari 7, Kisii ikajibu kwamba ilikwisha kuiona, na hesabu ya mikungu ikabaki arobaini. Alama hazikuwa za juu sana. Mtahini aliandika, kwa haki, kwamba orodha ya nambari itaendelea kukua bila kikomo, na kwamba mashine ya Kisii ikipoteza kumbukumbu yake kinga yote itaanguka. Mawili hayo hayakuwa na jibu katika kurasa za mradi.

Kufikia wakati huo nchi nzima ilikuwa imeanza kuishi na swali lilelile. M-Pesa, iliyofanyiwa majaribio tangu Oktoba 2005 na kuzinduliwa Machi 2007, ni mfumo tawanyifu wenye vipande katika mamilioni ya mifuko, na kwa miaka mingi mitambo yake mikuu ilikuwa Ujerumani hadi ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Kila muamala wake hupewa msimbo wa pekee, na akina mama wa Kibuye huusoma msimbo huo kabla ya kuachia mzigo. Lango ambalo Safaricom iliwafungulia waandishi wa programu ili waunganishe kazi zao na mfumo huo lilipewa jina la Kiswahili, Daraja. Ni programu ya kati kwa maana kamili, na haijifanyi kwamba hakuna umbali: aliyeomba malipo hujibiwa kwanza kwamba ombi limepokelewa tu, matokeo yenyewe huletwa baadaye kwa safari nyingine, na yasipokuja yapo maombi maalumu ya kuuliza muamala umefikia wapi. Anayesoma jibu la kwanza kana kwamba ni la mwisho hutoa bidhaa ambazo hazijalipiwa. Daraja ni neno zuri, ila daraja halirudi kusema lililotokea ng'ambo. Mwenye kupenda mshenga bado ana hoja.

Baada ya utetezi mwana alikwenda nyumbani na nakala ya mradi iliyojalidiwa. Mama aliifungua juu ya gunia la maharagwe, akatazama michoro, akakuta jina la Kibuye ndani ya kisanduku na mshale ukielekea Kisii. Akasikiliza maelezo hadi mwisho.

"Kwa hiyo, wuoda, siku ile kosa lilikuwa la nani?"

"Langu, mama. Niliyabadilisha maneno. Ningeyaacha yaleyale, angejua ni agizo moja."

Mama akafikiri. "Hapana," akasema. "Kuna Jumapili nyingi ambazo mimi hutaka arobaini, na kesho yake nikataka arobaini nyingine kwa maneno yaleyale. Asingejua."

Akafungua daftari la madeni, la karatasi za mistari na jalada la bluu, akachora safu mpya upande wa kushoto. Jioni hiyo ujumbe ulioandikwa kwa mkono wake mwenyewe ulikwenda Kisii: 1. Mikungu arobaini. Jibu halikuja mara moja. Akautuma tena, vilevile, na nambari yake. Kisha akaitia simu katika mfuko wa aproni na kuendelea kupanga nyanya.